Meno ya Kompyuta

Naomba radhi kwanza kwa mwandiko huu na kwa makosa ya herufi mtakayokutana nayo. Niliishia darasa la saba, na mkono wangu umeshika koleo muda mrefu kuliko kalamu. Naandika polepole. Neno likinishinda natafuta lingine ninaloliweza.

Kwetu ni upande wa Ushirombo. Baada ya shule nilikwenda Rwamgasa kufanya kazi kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Kazi yangu ilikuwa kuilisha mawe na kuzoa unga wake. Ukikaa muda, kelele ya karasha huisikii tena. Unabaki kutazama midomo ya wenzako ikicheza. Niliporudi nyumbani nilirudi na hali hiyo. Mama aliniita na kuniita, nikageuka pale tu nilipoona kivuli chake. Masikio yalikuwa mazima. Ni mimi niliyekuwa mbali.

Baba alishafariki, kwa hiyo mambo ya nyumba huamuliwa na baba mdogo. Yeye ni mtu wa minadani, ananunua ng'ombe na kuuza. Aliniona nikiwasaidia majirani simu zao zilizojaa picha, akasema nina mkono wa mashine. Akasikia kwamba Kahama, pale Nyahanga, kuna dada anayefundisha programu, yaani kuiandikia kompyuta maagizo ili iyafuate. Sharti lake ni kila mwanafunzi aje na kompyuta mpakato yake.

Baba mdogo akauza maksai mmoja. Tulikuwa na wawili tu, ndio waliovuta jembe.

"Mmoja halimi," mama alisema.

"Mvua bado iko mbali, shemeji. Kijana akijua kazi, maksai atarudi."

Yule mwalimu alinieleza kwa simu vitu vya kutazama. Memori isipungue nane, diski iwe ya aina mpya ile nyepesi, na betri ikae bila waya. Rangi na mng'ao nisivijali. Tukaenda dukani Kahama nikiwa nimevikariri.

Muuzaji alitutolea kubwa nyeusi, iliyochubuka pembeni. "Hii chukua, mzee wangu. Imetoka ofisini huko Ulaya. Ndani iko fiti, memori nane."

Baba mdogo hakuangalia ndani. Aliinama akapitisha kidole gumba juu ya vitufe, kimoja kimoja. Herufi nyingine zilikuwa zimefutika kabisa.

"Huyu meno yamekwisha," alisema. "Huyu ni kizee."

Muuzaji akacheka. "Mzee, kompyuta haina meno."

"Kila kinachofanya kazi kina meno."

Akaomba nyingine. Ikaletwa ndogo ya rangi ya fedha, vitufe vyake vyeupe, herufi zote zinasomeka. Baba mdogo akaipapasa vilevile, akaridhika.

Nilisema, "Baba, hiyo memori yake ni mbili." Nilisema chini chini.

"Ng'wanawane," alisema, yaani mwanangu, "mimi nilianza kukagua ng'ombe hujazaliwa."

Muuzaji alinitazama, kisha akamgeukia mwenye hela. "Hiyo ni ndama kabisa, mzee," akasema, akaifunga kwenye mfuko.

Darasa la Nyahanga lilikuwa chumba nyuma ya duka la kutoa fotokopi. Mwalimu alikuwa binti, nadhani ananizidi kidogo. Siku ya kwanza wenzangu waliandika mstari wao wa kwanza na kuanza wa pili huku mashine yangu ikizungusha kile kiduara chake. Mwalimu akaja akainama.

"Memori mbili, kaka. Nani alikuchagulia?"

"Baba mdogo."

"Ana duka la kompyuta?"

"Ana ng'ombe."

Darasa zima lilicheka. Mimi nilitazama midomo yao. Mwalimu hakucheka sana. Alifungua skrubu za chini aone kama anaweza kuongeza, akanionyesha kwamba memori imechomelewa kwenye bodi, haitoki wala haiongezwi. Ile nyeusi ya dukani, alisema nilipomweleza, ingefunguka na kupokea nyingine wakati wowote. Nikaitikia. Sikusikia uchungu, nilikaza skrubu tu.

Hata hivyo nilijifunza. Alitufundisha kwamba kuna mahali pa kuhifadhi kitu, kama debe unaloliandika jina, ukitaka kilichomo unalitaja jina. Kisha akatufundisha sharti: kama jambo ni hivi, fanya hivi, la sivyo fanya vile. Hilo nililielewa haraka, maana ndivyo tunavyosalimiana. Mimi ni mtu wa aibu, hunichukua muda kujua nimwambie nini ninayekutana naye. Nikaandika programu inayouliza umri wa mtu. Kama umenizidi, inaandika "Shikamoo". La sivyo, "Mambo".

Mwenzangu wa dawati la pili aliijaribu, akasubiri na kusubiri. "Hii mpaka ikuamkie," akasema, "mzee ameshafika kwake na amelala."

Mawingu yalianza kupanda. Baba mdogo akapiga simu. Kuna mchimbaji anataka kompyuta ya kuonyeshea filamu kambini, anatoa njeku, dume changa. Nije na mashine mnadani Jumamosi, mama hana cha kulimia. Nilimwambia mwalimu. Jioni hiyo aliiwekea mashine mfumo mwingine mwepesi, usiolipiwa, ikawa inafunguka bila kuzunguka. "Kamwonyeshe," alisema. "Kwa kuandika programu ndogo hii sasa inatosha. Akikuachia, nafasi yako ipo. Asipokuachia, kaka, hapa mashine ya ziada sina."

Nilifika nyumbani Ijumaa. Baba mdogo alikuwa uani juu ya kigoda, mama anapepeta choroko. Nikaiweka mashine mbele yake, ikamuuliza umri wake. Hajui umri wake. Nikamwandikia wa kukadiria.

Ikaandika, "Shikamoo".

Nikamsomea. Akaitazama, akaitikia, "Marahaba."

Mama aliacha kupepeta. Nilisema, kwa sauti kuliko nilivyozoea, "Baba, usiiuze. Sasa inafanya kazi."

"Nimeona. Ina adabu." Alishika magoti akainuka. "Lakini mvua haisubiri, ng'wanawane. Mama yako atalima na adabu?"

Nikaifunga mashine. Kweli mama asingelima nayo.

Mnadani yule mchimbaji alikuja na njeku kama alivyoahidi, akaongeza simu yake ya zamani juu, kioo kimepasuka kona. Baba mdogo alimfunua njeku mdomo, akatazama meno, akatikisa kichwa kukubali. Simu hakuigusa. Alinisukumia mimi.

"Kagua wewe."

Nikamwuliza mchimbaji memori ngapi. Hakujua. Nikaingia kwenye mipangilio nikaona nne, na nafasi ya kuhifadhi bado ipo. Betri nikaiangalia kwa kuiacha imewaka mpaka tulipomaliza kunywa chai. Nikasema inafaa. Baba mdogo akasema basi, na mashine ya rangi ya fedha ikaondoka kwenye pikipiki ya mchimbaji.

Sasa asubuhi namfundisha njeku kutembea na maksai mkubwa. Bado anavuta upande. Mama anashika jembe nyuma yetu. Jua likiwa kali tunapumzisha ng'ombe, na mimi nakaa naandika programu kwenye simu. Nimeweka programu ya bure ya kuandikia, inafanya kazi. Tatizo ni nafasi za mwanzo wa mstari, ndizo zinazoiambia mashine mstari upi uko chini ya sharti. Kwenye simu zinaniruka, mabano nayo yamefichwa mbali kwenye kibodi, na kosa moja linazuia yote. Ile programu ya salamu nimeiandika upya na bado inamwambia kila mtu "Mambo", hata mzee.

Kama wewe unayesoma ulijifunza kwa simu tupu, bila kompyuta, niandikie unavyopanga mistari yako. Andika polepole, nami nitasoma polepole.