Upande wa Nje wa Ukuta

Mwalimu Khole alifundisha historia katika shule ya wasichana kwa miaka thelathini na mmoja, na mada aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ile ya utu. Kitabu kilikuwa cha Kiingereza. Yeye alikifunga, akaegemea meza, akaifafanua kwa Kiswahili: jinsi watu wa Ulaya, karne nyingi zilizopita, walivyoanza kusema kwamba mtu ana thamani kwa kuwa ni mtu tu, si kwa ukoo wake wala kwa cheo chake, jinsi wachoraji walivyoanza kuchora nyuso za watu wa kawaida, na wakubwa wakaanza kuulizwa maswali wasiyoyazoea. "Fikra hiyo ikishaingia mahali haitoki," aliwaambia. "Inaingia sokoni, inaingia mahakamani, inaingia mpaka jikoni." Wasichana waliandika. Hata leo wapo wanaokutana naye mjini Tabora wakamkumbusha maneno hayo, naye hucheka kwa raha.

Mpaka jikoni, alisema mwenyewe. Na jikoni kwake alikuwapo Asmahani.

Nyumba ya akina Khole ni moja ya zile za zamani zenye kuta nene, mlango wake wa nakshi umeshaliwa na mchwa upande wa chini. Babu wa babu yao alitoka Omani akafuata biashara ya pembe, na misafara yake ilifika hadi Manyema, ng'ambo ya ziwa. Msafara mmoja ulirudi na msichana aliyenyakuliwa huko. Wenzake walipelekwa pwani. Yeye akabakizwa Tabora asage nafaka. Asmahani alikuwa kitukuu chake. Utumwa ulikwisha, bendera zikapanda na kushuka, na uzao wa yule msichana ukaendelea kuamka alfajiri katika nyumba ileile kuwasha moto.

Asmahani alimlea Khole tangu siku ya kuzaliwa. Mama mzazi alipofariki wakabaki wawili, kwani Khole hakuolewa, na mdogo wake wa kiume, Bader, alishahamia nyumba yake mwenyewe, karibu na duka lake la vitambaa. Khole alimpenda Asmahani, hapo tusimwonee. Kila Idi alimnunulia kanga, akiugua alimpeleka hospitali mwenyewe, na baridi ya mwezi wa saba ilipomkamata magoti alimkanda kwa mikono yake. Lakini kila asubuhi, Asmahani alipoleta chai, alisimama mlangoni akasema, "Shikamoo, Bi Khole." Na Khole, macho yakiwa kwenye madaftari, akajibu, "Marahaba, Asmahani." Mzee wa miaka themanini na tatu akimwamkia mwanamke wa sitini na mmoja! Tabora hii, hata mlevi anayeyumba njiani anajua nani anamwamkia nani. Mwalimu wetu hakuliona. Ndivyo ilivyokuwa siku zote, na kitu cha siku zote hakionekani.

Mwaka jana, mvua za kwanza ziliponyesha, Asmahani alilala na hakuinuka tena. Siku ya tatu aliomba jambo moja. Ni vizuri ujue kwamba makaburi ya ukoo yapo nje ya mji, yamezungushiwa ukuta wa mawe. Ndani wamelala wenye nyumba, kila mmoja na jina lake. Nje, kwenye nyasi, wamelala waliokuwa wakiwapikia, bila hata jiwe. Dini haikuagiza hivyo. Ni ukoo uliojipangia.

"Bi Khole," Asmahani alisema, "nizikwe karibu na mama yako. Nilimwahidi sitamwacha peke yake."

"Utalala ndani, ubavuni kwake," Khole akamjibu, na machozi yakamtoka. "Nimeshasema."

Alimwita Bader, akamwambia mbele ya mgonjwa. Bader akaitikia, "Sawa, dada. Usihangaike."

Kesho yake Asmahani akafariki. Wanawake hawasindikizi jeneza, kwa hiyo Khole alibaki ndani na wenzake, akasikiliza tahlili ikipotea barabarani. Wanaume waliporudi, kanzu ya Bader ilikuwa na udongo mwekundu kwenye pindo.

"Amelala vizuri?" Khole aliuliza.

"Amelala vizuri, dada."

Akamshukuru Mungu. Usiku huo alipata usingizi.

Wiki tatu baadaye, Khole akiwa bado hajaenda makaburini, alikuja Levina, mwanafunzi wake wa zamani, siku hizi muuguzi Igunga. Alishuka kwenye basi na kiroba cha mchele wa rambirambi, akaingia moja kwa moja jikoni, akaketi kwenye kigoda cha marehemu na kulia. Zamani, wasichana walipokuja hapa kusoma siku za Jumamosi, Levina alikuwa akianzia jikoni. "Shikamoo, bibi," ndipo aingie sebuleni kwa mwalimu. Khole alidhani ni adabu za kijijini.

"Kaburi lipo wapi, mwalimu? Nataka nikamsalie kwa dini yangu, kama hutojali."

"Ndani ya ukuta, ubavuni kwa mama. Utaliona, udongo bado mbichi."

Levina akaenda kwa bodaboda. Alirudi baada ya saa moja, akasimama bila kuvua viatu.

"Mwalimu, ndani hakuna kaburi jipya. Lipo moja tu, na lipo nje."

Khole alitoka na kanga ya nyumbani, jambo ambalo alikuwa hajawahi kulifanya, akaenda mpaka dukani kwa Bader. Bader alimwona kabla hajavuka barabara. Akaweka chini mkasi.

"Umenidanganya," Khole alisema. "Mimi, na maiti pia!"

"Kaa kwanza, dada."

"Sikai!"

Bader aliangalia vitambaa vyake. Si mtu mbaya, Bader, na aibu ilikuwa imemjaa usoni. "Nilifika makaburini na maneno yako, wallahi. Baba mdogo Hilali akaniuliza mbele ya watu: Khole mwenyewe alikuwa akimwekaje? Nikakumbuka tulivyoishi naye. Miaka yote alikula jikoni, sahani yake mbali. Sijawahi kukusikia ukimwamkia, hata mara moja. Nikasema labda ahadi ile ilikuwa ya kumtuliza mgonjwa."

Khole akakaa, yeye aliyesema hakai.

"Basi tumhamishe," alisema mwishoni, kwa sauti ndogo.

"Ameshastirika, dada. Hafukuliwi. Unajua."

Alijua.

Asubuhi yake alikwenda peke yake. Nyasi za mvua zilikuwa zimeanza kuota kwenye tuta. Alipanda jiwe moja akachungulia ng'ambo: kaburi la mama yake lilikuwa palepale, karibu kabisa. Kati yake na Asmahani palikuwa na hatua tano na ule ukuta. Akashuka, akachuchumaa. Alikuwa amekuja na maelezo mengi, jinsi alivyompenda, jinsi alivyosahau kujitazama, na yote akayaweka kando.

Kitu kimoja tu kilimjia. Alikuwa na miaka minne, uani, na Asmahani amemshika mkono akimfundisha kuamkia. Mwambie baba shikamoo. Mwambie muuza maziwa. Mwambie yule mama anayepita. Mtoto akamgeukia aliyemshika mkono, akafungua kinywa, na Asmahani akamwekea kidole midomoni taratibu. "Mimi hapana, Bi Khole."

Tangu hapo hakujaribu tena.

"Shikamoo, Da Asmahani," alisema.

Akabaki amechuchumaa, magoti yakimuuma, akisubiri kuitikiwa.