Sisi wa Kwenye Simu

Mume wangu alianguka asubuhi akivaa viatu aende dukani, na kabla ya alasiri tulikuwa tumeshamzika. Kwa Waislamu ndivyo ilivyo, maiti haicheleweshwi. Hapa Ibighi, pembeni mwa mji wa Tukuyu, Waislamu hatuko wengi, lakini siku ile nyumba ilijaa. Majirani zetu Wakristo walileta kuni na ndizi mbichi kabla hata sijaelewa kilichotokea, na wanaume wao walichimba kaburi pamoja na wa kwetu.

Siku tatu za kwanza nilikosa pa kukaa ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Siku ya nne walibaki wifi yangu, binti yetu na masufuria ya kukodi. Binti, aliyeolewa Dar es Salaam, alikaa juma moja. Mtoto wake alikuwa na mafua, mume wake anapiga simu kila baada ya swala, akaondoka.

Nikabaki na eda. Mwanamke akifiwa na mume hukaa ndani miezi minne na siku kumi, hajipambi, hatoki ila kwa dharura. Siilalamikii eda. Eda ni amri ya Mungu na ina heshima yake. Ninaowalalamikia ni watu. Wanawake waliokuwa wanakaa dukani kwetu kutwa, wakipima vitenge wasivyonunua na kunywa chai yangu, nilikuwa nawasikia wakipita chini ya dirisha. Sauti zao nazijua. Mmoja nilimsikia kabisa akimwambia mwenzake, "Tumwache apumzike." Watu wakichoka na msiba wako, husema wewe ndiye umechoka.

Kabla ya hapo nilikuwa kwenye kundi la wasapu la wapenda maua. Tulikuwa watu wa kila mkoa, hatujawahi kuonana. Kiongozi wa kundi alikuwa mzee mmoja wa Njombe, askari magereza mstaafu, aliyeweka picha ya waridi lake kila alfajiri na kumfukuza yeyote aliyeleta siasa au matangazo ya dawa. Tulikuwa tunapelekeana pingili za maua kwa mabasi, zimefungwa kwenye gazeti lililoloweshwa maji. Mume wangu aliwaita "wale wa kwenye simu." Alikuwa akinitania, lakini yeye ndiye aliyenipigia mbao za kupangia makopo barazani.

Msiba ulipojulikana kundini, pole zilimiminika. Mikono iliyokunjwa, mishumaa, njiwa. Maneno yalikuwa yaleyale, mtu ananakili ya aliyemtangulia. Mmoja alinakili kutoka kundi lingine bila kusoma, akanipa pole kwa kufiwa na shangazi. Nilitaka kuizima simu niitumbukize kwenye ndoo ya maji.

Ndipo ukaja ujumbe wa sauti kutoka kwa bibi mmoja wa kijiji cha Matwebe, si mbali na kwetu. Nilikuwa namfahamu kwa begonia zake, zenye majani mapana yaliyotiwa madoa kama ya chui, zilizojaa ukuta mzima wa nyumba yake. Alikuwa mkulima wa chai na migomba, Mnyakyusa, na kuandika kulimsumbua, kwa hiyo alikuwa akituma sauti tu. Kiswahili chake hakikuwa na herufi r hata moja.

"Ugonile, mwanangu," akanisalimu kwa Kinyakyusa. "Mimi nimezika mume, nimezika na watoto wawili. Sikwambii Mungu amempenda zaidi. Kama alimpenda zaidi, angemchukua akiwa kijana, asisubili mpaka wewe umemzoea. Haya. Maua yako nani anayamwagilia?"

Nikacheka. Kicheko kilinitoka kama kikohozi, halafu kikageuka kilio ambacho tangu siku ya mazishi kilikuwa kimekataa kuja.

Wifi yangu akachungulia mlangoni. "Unacheka?"

"Nalia, wifi."

"Nimesikia umecheka. Kaka yangu hata udongo haujakauka, wewe unacheka na simu. Unaongea na nani?"

"Na bibi mmoja wa Matwebe."

"Ndugu yako?"

"Hapana."

"Basi?"

Ningesema nini? Rafiki? Wifi yangu alijua kwamba rafiki ni mtu anayekuja na kikapu, anavua viatu mlangoni.

Siku ileile yule bibi aliligeukia kundi zima. "Ninyi mnaandika pole kama mnagonga muhuli. Acheni. Kila mtu amwonyeshe huyu ua lililochanua kwake leo, anyamaze." Na mzee wa Njombe, ambaye hakuwahi kupokea amri ya mtu yeyote, aliitikia. Kuanzia kesho yake, kila asubuhi nilipofungua simu nilikuta maua. Hakuna neno. Mwalimu mmoja wa Singida, anakoishi kwenye ukame, alituma picha ya chipukizi dogo lililotokeza kwenye kopo la rangi. Baada ya muda watu wakaanza kuongea, lakini sasa waliongea kweli. Yule mwalimu alisema alijifungua mtoto aliyekufa, na mama mkwe wake alikataza jambo hilo lisizungumzwe kabisa nyumbani. Alikuwa hajawahi kumwambia mtu. Alituambia sisi.

Yule bibi alikuwa akinipigia mimi peke yangu pia. Hakuwa mpole. Nikisema sili, ananiuliza napika nini, nikitaja ananisuta, "Mchele mkavu huo utaumezaje? Pika ndizi, weka maziwa, ule." Nikisema namwona mume wangu kila pembe, anasema, "Ndiyo. Mimi wangu bado namwona, na alikuwa mlevi." Siku moja alimtuma bodaboda aniletee jani la begonia la kuotesha, kwenye mfuko wa sukari. Wifi yangu alilipokea, akaligeuza huku na huku, akauliza kama ni dawa.

Ni wifi yangu huyohuyo aliyeyaondoa mawaridi barazani. Alisema mwenye eda hanusi manukato. Nikamwambia manukato ni yale ya kujipaka. Akasema, "Unabishana na dini?" Akayapeleka karibu na bomba la nje, na mbuzi wa jirani wakayala mpaka kwenye shina. Nilimwambia bibi wa Matwebe. Akasema, "Huyo naye amefiwa. Lakini ni mjinga." Sijasikia tena mtu yeyote akimsema wifi yangu kwa haki namna hiyo.

Eda ilipokwisha nilitaka kwenda Matwebe. Alikataa. Mvua zilikuwa zimeharibu njia, na zaidi ya hapo alitaka yeye ndiye aje, siku atakayoshuka Tukuyu sokoni, anione nikiwa nimevaa nguo ya rangi. Tukapanga. Nilinunua majani ya chai mazuri, jambo la kipuuzi, kumnunulia chai mwanamke anayeilima.

Juma lile sauti yake haikuja. Nilimtumia salamu, ikabaki na tiki moja. Mzee wa Njombe aliuliza kundini nani ana habari za bibi, hakuna aliyekuwa nazo. Hatukujua jina la mtoto wake hata mmoja. Tulijua kila begonia iliyokuwa ukutani kwake, hatukujua nani angetuita akianguka. Siku nyingine tiki zikawa mbili, zikageuka bluu. Nikashukuru Mungu. Baada ya dakika chache simu ikaandika kwamba ameondoka kundini.

Nilipiga. Akapokea mwanamume.

"Namwomba mama," nikasema.

"Mama yupi?"

"Mwenye simu."

"Mwenye simu alishafaliki. Wewe nani?"

"Mimi rafiki yake."

"Wa wapi?"

"Ibighi. Wa... tulikuwa kundi moja. La maua."

Kisha akasema, bila ubaya, kama mtu anayemjibu aliyekosea namba, "Tumeshazika, dada. Watu wameshatawanyika."

Mzee wa Njombe nilipomwambia, alisema neno moja tu: "Nakuja." Akapanda basi mpaka Mbeya, akalala huko, asubuhi nikampokea stendi ya Tukuyu. Alikuwa mfupi kuliko sauti yake. Amevaa koti la suti na mabuti, mkononi ana waridi kwenye kopo. Tulipeana mikono. Nilikuwa sijawahi kumwona, na nilimjua kuliko ninavyomjua imamu wetu.

Nyumbani kwa bibi Matwebe, tulikofika kwa kuulizia njiani, tulikuta watoto wake wawili, kaka mkubwa na dada yake. Kaka huyo anafanya kazi Mbeya, amebaki kumalizia mambo ya familia. Walitupa viti. Yule dada aliutazama ushungi wangu, akamtazama mzee, akauliza kwa adabu, "Samahani, ninyi ni wa kanisa gani?"

"Sisi si wa kanisa," mzee akasema. "Ni marafiki wa marehemu."

"Mama hakuwa na marafiki wa Njombe," kaka mtu akasema.

"Alikuwa nao," mzee akasema.

Mimi nikasema, "Mama yenu ndiye aliyenikalisha eda."

Yule kaka akatabasamu kama mtu anayeona aibu kwa niaba yangu. "Mama alikuwa Mkristo, dada. Angekukalishaje eda?"

Nikaanza kueleza. Nikaeleza sauti zake za kila asubuhi, ndizi na maziwa, jani kwenye mfuko wa sukari. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia mwendawazimu. Wao walikuwa wamemuuguza, wamembeba mgongoni mpaka zahanati, wamemfumba macho. Mimi nilikuwa na nini? Nikauliza kama simu yake ipo, labda wasikilize wenyewe.

"Ilikuwa imejaa masauti," dada mtu akasema. "Haifanyi kazi vizuri. Tumefuta yote, anaitumia mwanangu."

Alisema hivyo kama anavyosema mtu aliyefagia chumba. Na kwa nini asiseme hivyo? Hakuna aliyemwambia mama yake alikuwa akiishi nusu ya siku yake humo.

Wakatupeleka kaburini, nyuma ya nyumba kati ya migomba. Lilikuwa limesakafiwa vizuri, limewekewa maua ya plastiki ambayo nailoni yake haijatolewa. Mzee wa Njombe alilitazama lile waridi lake kwenye kopo, akalitazama kaburi, akakohoa. Aliliweka chini pembeni, taratibu, asije akawaudhi.

Tulipozunguka nyumba nikauona ukuta. Ulikuwa mtupu. Chini yake kulikuwa na mashimo yaliyochimbwa kwa mstari, na miche ya maparachichi imeegeshwa ikisubiri kupandwa. Begonia zilikuwa zimeng'olewa, zimelundikwa chini ya mgomba pamoja na majani makavu.

"Zilikuwa zinavutia konokono," kaka mtu akasema. "Na maua hayaliwi. Parachichi ni chakula, na soko lipo."

Alikuwa na haki. Ardhi ni yao, na mama ni wao. Lakini kuna haki ambayo ukiitazama unatamani kumpiga mtu kofi. Mzee alipiga magoti na suti yake, akaanza kupekua lile lundo. Nami nikapiga magoti. Tulichambua majani ambayo bado yalikuwa na maji, matope mpaka kwenye viwiko. Yule dada alisimama akatutazama kwa muda, kisha akaingia ndani, akarudi na mfuko.

"Chukueni," akasema. Halafu, kwa sauti ya chini, "Alikuwa anaongea nayo, haya maua. Tulidhani uzee."

"Alikuwa anaongea na sisi," nikasema.

Alinitazama, sijui kama alielewa. Hakuuliza zaidi, wala hakutukaribisha tena.

Kundini tulifanya msiba wetu. Mzee alizuia picha zote kwa juma zima, na wale waliokuwa na sauti za bibi wakazirudisha, tukazisikiliza. Mwalimu wa Singida alikuwa nazo nyingi kuliko mtu yeyote. Baadhi ya watu walichoka, wakaondoka kimyakimya. Siku chache baadaye mtu akatangaza vyungu vya kuuza, na mzee hakumfukuza. Hakuwa na nguvu. Sasa anaweka picha ya waridi mara mojamoja tu, na kuna siku nampigia kuuliza kama yuko hai, naye hukasirika ninapouliza.

Mwezi uliopita binti yangu alikuja kunitembelea. Tulikuwa tunachambua mboga. Nikamwambia siku nikifa, akishamwarifu imamu na baba zake wadogo, aingie kwenye simu yangu awaambie watu wa kundi la maua, kabla hajafuta kitu chochote. Nikamwonyesha lilipo.

Akaacha mboga. "Mama, hawa hata huwajui."

"Nawajua."

"Umeonana na wangapi?"

"Mmoja."

Akatikisa kichwa, akacheka kicheko kilekile cha baba yake. "Wale wa kwenye simu," akasema. "Sawa, mama, nitawaambia." Alisema kwa sauti anayotumia kumridhisha mwanawe, na nikajua hatawaambia. Jioni ileile nilimwandikia mzee wa Njombe namba ya simu ya wifi yangu. Nilimwambia, nikinyamaza siku tatu, ampigie huyo. Ni mgomvi, lakini hadanganyi.