Ubao wa Jumatatu

Mpaka leo, Jumatatu jioni siwezi kutulia. Nainuka, naosha kikombe kilichokwisha oshwa, nafungua mlango nachungulia nje, naufunga tena. Watu wa nyumbani kwangu wamenizoea. Ni ugonjwa niliouokota Kawangware, Nairobi, upande unaoitwa Congo, katika chumba kimoja cha mabati ambamo mama yangu alikuwa ameamua kuijenga mbingu.

Mama alitoka ziwani, baba Magharibi, wakakutana Kibera. Huko, sehemu ya Makina, ndiko vijana wawili wa mashati meupe walimkuta mama akianika nguo, wakaanza kumfundisha dini yao. Mama alibatizwa kwa furaha, baba akafuata shingo upande. Tulipohamia Kawangware, mwanzoni mwa miaka ya tisini, majirani hawakuchukua muda kutuita "wale Wamormoni".

Ukiingia kwetu ungejua bila kuambiwa. Ukutani palikuwa na picha ya hekalu jeupe lililoko Afrika Kusini. Mama aliikata kwenye jarida la kanisa na baba, ambaye alikuwa fundi wa mbao pale kituo cha 56, akaitengenezea fremu. Mama alisema siku moja tutaenda huko sote tuunganishwe, tubaki familia moja hata baada ya kufa. Chini ya kitanda kulikuwa na madebe ya mahindi na maharagwe ya siku mbaya, na hatukuruhusiwa kuyagusa hata siku ambazo mimi niliziona mbaya vya kutosha. Chai haikuingia humo kabisa. Majani ya chai, kahawa, pombe na sigara, vyote kanisa lilivikataza, na mama alivitia kapu moja.

Halafu kulikuwa na ubao. Jumatatu jioni ilikuwa ya familia, hakuna kutoka. Baba alikata plaiwudi, akapigilia misumari mitano, na juu ya kila msumari mama akaandika kazi: wimbo, sala, somo, mchezo, chakula. Kwenye kila msumari kilining'inia kijibao chenye jina la mmoja wetu, na kila wiki mama alivisogeza. Hata mdogo wetu wa mwisho, ambaye hata kusimama hakujua, alikuwa na kijibao chake, na zamu yake ya sala mama alimshika mikono akamsemea. Sheria ilikuwa moja: mwenye zamu hapingwi, na akimaliza anashukuriwa. Kaka yangu alipochagua mchezo wa kuruka kama chura, baba aliruka, mtu mzima na suruali ya kazi. Mimi nilipounguza mandazi, yaliliwa yote na nikaambiwa asante. Nje wenzangu walikuwa wakipiga kelele za mchezo wa kati, mpira wa matambara ukigonga mabati yetu, na mimi nimekaa kwenye stuli nikitikisa goti hadi mama alipoweka mkono juu yake.

Nyanya, mama yake baba, alikuja kutibiwa mguu uliovimba. Kwa desturi zao hangeweza kulala chumba kimoja na mwanawe na mkewe, kwa hivyo kila usiku baba alienda kulala kwenye karakana. Siku aliyofika, mama alimpa maziwa ya moto yenye tangawizi. Nyanya alichungulia kikombe, akauliza chai iko wapi. Mama alieleza, kwa heshima zote, kwamba nyumba hii haipiki chai. Nyanya alikiweka kikombe chini. Kwao, mgeni asiyepewa chai ameambiwa aende.

Kuanzia kesho yake, kila alasiri alijikokota hadi mlango wa jirani, akanywa chai huko. Wapangaji wa plot nzima wakajua. Mama alijaribu kakao, akajaribu uji wa wimbi, akajaribu maji ya limau, na nyanya akasema ameshiba. Nilikasirika na wote wawili. Nilitaka mama apike chai moja tu tupumue, na nilitaka nyanya aache kutuaibisha, na sikuweza kukaa ndani na yeyote kati yao.

Baba ndiye aliyetoa tamko. Aliongea na mama mlangoni, polepole, lakini mabati hayana siri. "Mama yangu akirudi nyumbani kulalamika, hii mambo ya Jumatatu imeisha," alisema. "Na hiyo picha nitaitoa."

 Nilimwona mama akiitazama picha, na nikaogopa. Ile haikuwa picha tu kwake. Ikitoka, ndoto yake yote ilikuwa imetoka.

Jumatatu iliyofuata tulimkuta nyanya amefunga mfuko wake. Mguu ulikuwa bado umevimba, na hospitali walikuwa wamemwambia arudi, lakini alisema kesho anapanda basi.  Tuliimba hivyo hivyo, wimbo ukavunjika katikati. Ndipo mama alipopiga magoti mbele ya nyanya, akamuuliza kama ni chai tu inayomfukuza.

Nyanya alinyoosha kidole ukutani, kwenye ubao.

"Hata huyu mtoto hajui kutembea ako na msumari," alisema. "Mimi yangu iko wapi?"

Hakuna aliyekuwa amelifikiria hilo. Familia ya milele, kila siku tunaiimba, na mama mzazi wa baba amekaa siku zote hizo chini ya ubao akihesabu majina ambayo lake halimo. Niliona aibu hadi masikio yakawaka. Baba alitoka akarudi na msumeno, akakata kijibao palepale, unga wa mbao ukamwagika kwenye zulia la mama. Akapigilia msumari wa sita. Mama aliandika jina, na juu ya msumari akaandika chakula, kazi ambayo sasa ingekuwa na watu wawili. Akamwambia nyanya Jumatatu ijayo ni zamu yake. Nyanya alifungua mfuko wake.

Jumatatu hiyo ilipofika, nyanya alitoa majani ya chai.

Aliyatoa kwenye leso, akayatia kwenye sufuria ya maziwa juu ya stovu, na harufu ikajaa chumba kizima, ikapanda hadi kwenye hekalu. Baba alimtazama mama. Mimi nilikuwa nusu nimesimama, tayari kukimbia nje. Mama aliutazama ubao: mwenye zamu hapingwi, sheria yake mwenyewe juu ya sheria yake mwenyewe ya chai, na akabaki amekaa. Nyanya alichuja taratibu, kikombe kwa kikombe, akampa baba, na baba akanywa chake chote bila kuinua macho. Sisi watoto alitupa maziwa matupu, kumbe alikuwa ameyatenga. Kikombe cha mwisho akakipeleka kwa mama.

"Najua hunywi," alimwambia. "Shika tu."

Mama alikipokea kwa mikono miwili. Alikishika muda wa somo lote na mchezo wote, hadi kikapoa, na mkono wa kunituliza goti haukuja. Mwishoni akasema, kama sheria ilivyotaka, "Asante kwa zamu yako, Mama."