Tawi la Wabeba Mizigo

Mama Pasi alipata jina hilo kwa miaka mingi ya kunyoosha mashati ya watu kwenye duka la dobi, akisimama kutwa kwenye joto la kukausha mate. Lakini kilichomfanya ajulikane mjini hakikuwa pasi. Ilikuwa kazi yake ya Jumapili, ya kufungua matawi ya chama cha kufaana cha wafanyakazi. Mume wake, kinyozi mwenye mdomo, alizoea kuwaambia wateja, "Mke wangu mkimwacha na watu kumi kwenye foleni, akitoka hapo wana mwenyekiti na mweka hazina."

Acha atanie, kwani hakuona alichokiona mkewe. Mama Pasi aliingia kwenye stoo ya mikate au chumba cha washonaji, akakuta watu wanaotazamana kwa jicho la pembeni, kila mmoja na shida zake. Akaeleza kiingilio, ada ya mwezi, na jinsi makao makuu yanavyolipa tawi jipya fedha za kuanzia. Kisha mtu wa kwanza akanyanyuka, akaweka sarafu mezani. Hapo mwili ulimsisimka kila mara, hata baada ya matawi asiyoweza kuyahesabu kwa vidole. Watu wasioaminiana hata kuazimana mwavuli walikuwa wanakabidhiana maradhi yao na misiba yao. Wewe mwenyewe, ni wangapi umewahi kuwaamini hivyo?

Akimaliza hesabu, alikuwa na maneno yake ya kufungia, aliyoyatunga mwenyewe ili kikao kiishe kwa uzito: "Mwenzetu akianguka, chama kinamwinua." Washonaji waliyapenda. Waoka mikate waliyaandika kwa chaki juu ya mlango. Tatizo lilianza kwa wabeba mizigo wa soko la jumla.

Makao makuu hayakuwataka. Katibu, bwana wa suti na wasiwasi mwingi, alisema wale ni watu wa leo hapa kesho kule. Mama Pasi alimsumbua hadi akasalimu amri, na tawi likafunguliwa nyuma ya ghala la viazi. Mwezi wa kwanza haujaisha, mbeba mizigo mmoja akaja kudai fedha kwa sababu ameteleza na gunia. Mwingine akafuata, amejikwaa akishuka kwenye lori. Kwa washonaji kuanguka ni kuugua au kufiwa. Kwa mtu mwenye gunia kichwani, kuanguka ni kuanguka. Mama Pasi alicheka mpaka machozi, akawaeleza upya, yakaisha.

Neno jingine la msemo huohuo ndilo lililoleta balaa. Siku moja mbao ziliporomoka kutoka kwenye lori zikamwangukia msukuma mkokoteni aliyekuwa akipita tu. Hakuwa mwanachama, wala hakuna aliyejua kwao wapi. Wabeba mizigo walimbeba mpaka hospitali, na daktari alipotaja gharama ya kuuokoa mguu, walifungua sanduku la tawi wakatoa kila kilichokuwemo, pamoja na zile fedha za kuanzia.

Katibu hakupiga kelele; afadhali angepiga. Alisema fedha za wanachama zimepewa mtu baki, na kikao kikuu kitalifunga tawi hilo, labda Mama Pasi alete maelezo ya maana.

Maelezo alikuwa nayo kabla hajafika nyumbani. Angeandika jina la majeruhi kwa tarehe ya nyuma, na kiingilio angetoa yeye. Alikwenda nyuma ya ghala akamweleza kiongozi wao, mtu ambaye mizigo ilikuwa imemshusha bega moja, na kwa hiyo wenzake wakamwita Bega.

Bega alimsikiliza huku akijifuta jasho. "Mama, yule hakuwa mwanachama."

"Najua, baba. Ndiyo maana nataka kumwandika."

"Sasa leo tukidanganya, kesho sanduku likipungua utatuamini vipi?"

"Tawi linafungwa, Bega. Umenielewa lakini?"

"Nimekuelewa. Ila wewe ulisema mwenzetu. Hukusema mwanachama. Sisi tulijua umelichagua hilo neno."

Wengine, waliokaa juu ya magunia, waliitikia kwa kichwa bila hasira yoyote. Neno lile Mama Pasi alikuwa amelitembeza mji mzima kwa utamu wa mdomo tu, na hapa palikuwa na watu walioliamini hadi senti ya mwisho. Aibu ilimpanda, na furaha nayo ikampanda, na chini ya vyote hivyo alihisi hofu, ile ya mtu aliyesimama mbele ya kitu kikubwa kuliko yeye.

Kwenye kikao kikuu alisema kweli tupu. Waoka mikate walinung'unika, washonaji walitazama chini, na katibu, ambaye kwa kweli alikuwa analinda fedha za wajane na wagonjwa, akaitisha kura. Tawi likafungwa. Mama Pasi akaagizwa akachukue sanduku na muhuri, na baada ya hapo asifungue tawi lingine tena.

Jumapili alikwenda, maneno ya pole ameyapanga njiani. Akawakuta wamekaa kama siku zote, katikati yao sufuria, sarafu zikidondoka moja moja. Sanduku na muhuri vilikuwa pembeni, vimefutwa vumbi.

"Tawi limefungwa," alisema taratibu.

"Tumesikia, mama," Bega alijibu. "Vitu vyao hivyo hapo. Fedha zao tutazirudisha kidogo kidogo. Lakini yule bwana wa mkokoteni bado hajasimama, kwa hiyo tunaendelea."

Alisema hivyo kama mtu anayeeleza bei ya viazi, kisha akampisha mwenzake afikie sufuria. Mama Pasi alisimama pale na machozi yakimlenga, yeye aliyefungua matawi mji mzima, akitazama kitu ambacho hakukifungua yeye na ambacho hakuna kura ingeweza kukifunga. Alitafuta nafasi kwenye gunia la mwisho, akakaa, akauliza kiingilio ni kiasi gani.