Nilimuuliza Atafanyaje Akinyang'anywa Kisu, Akanijibu kwa Panga

Admin, jina langu lifukie, maana Babati hii hata mbuzi wananijua. Mimi ni mwanaume wa miaka 52, mchinjaji tangu mkoa wa Manyara haujazaliwa. Nimewahi kushika dume la ng'ombe pembe peke yangu, likalala lenyewe kwa aibu. Shule niliishia la tano, lakini kazi ya wasomi nilipewa mimi, si mwalimu.

Ilikuwa hivi. Mpwa wangu, binti wa dada, yuko chuo anasoma saikolojia. Alikuja na maswali ya kupima mtu anavyoipenda kazi yake, kama ni mapenzi ya kawaida au kazi imempanda kichwani inamwendesha. Yalikuwa ya Kiswahili, akayataka kwa Kigorowa, lugha ya mama yangu, ili wazee vijijini wajibu kwa moyo wao. Nikayageuza yote kabla chai haijapoa. Akasema, "Mjomba, sasa wajaribie watu wachache. Mmoja mmoja, pembeni. Mtu asisikie majibu ya mwenzake."

Pembeni? Mtu kama mimi? Niliyasoma machinjioni asubuhi, wanaume wote wamesimama na visu, damu bado inachuruzika sakafuni. Kila mmoja akajigamba kumpita mwenzake. Nikafika kwenye lile swali la mtu akizuiwa kazi yake anakuwaje. Baba Neema, rafiki yangu wa tangu ujana, ambaye siku ya kuoa alivaa koti langu, akajibu taratibu, "Mimi siku ya mapumziko mikono inawasha. Nawapiga watoto. Wakinitoa hapa nitaua mtu."

Nilicheka hadi nikashika ukuta. Msimamizi wa machinjio, aliyekuwa anasikia, hakucheka. Kesho yake akamnyang'anya kisu, akamwambia akae nyumbani mpaka aitwe.

Hakuitwa. Alirudi mwenyewe na panga, akampita msimamizi kama hamuoni, akaja kwangu.

"Uliniuliza mbele za watu," akasema. "Jibu lako hili."

Pigo la kwanza nililikwepa, likapasua paja la ng'ombe lililoning'inia nyuma yangu. La pili nililidaka kwa mkono mtupu. Mwingine angekufa. Vidole vyangu viwili vikadondoka kwenye maji ya damu. Nikampiga kichwa, nikasikia pua inavunjika, tukabiringishana kwenye matumbo ya ng'ombe hadi kundi zima likatutenganisha. Akaponyoka. Najua amejificha kwao Nangara.

Polisi wanasubiri maelezo yangu. Mpwa wangu analia, anasema maneno niliyageuza vizuri, nilichoharibu ni kuyasoma hadharani. Mama Neema naye alikuja kwangu Maisaka, jicho limevimba, akakaa chini mlangoni. "Shemeji, ukimfunga tutakula nini? Na ukimwacha atatuua."

Sasa sikilizeni kinachonitisha. Daktari kasema mkono huu hautashika tena kisu cha kazi. Alfajiri najikuta nimesimama nje ya uzio wa machinjio, nasikiliza ng'ombe. Juzi nilimzaba mke wangu kibao kwa sababu ya chumvi, kitu ambacho sijawahi kufanya. Na hivi ninavyoandika nimetoka kunoa kisu kwa mkono wa kushoto, na njia inayonijia kichwani ni ya Nangara.

Nikamfungishe rafiki yangu, au nimwache? Semeni haraka, mikono inawasha.