Msiba Usiokuwa na Maiti

Nakumbuka Jumamosi ile, mwanangu, mtaa wetu wote hapa Mbagala ulipojaa uani kwetu kwa ajili ya mazishi yasiyokuwa na marehemu. Wewe ulikuwepo. Ulikuwa tumboni kwa mama yako, umetulia kama mtu aliyeanzisha vurugu kisha akajifanya amelala, tabia ambayo mpaka leo hujaiacha.

Kaa vizuri nikusimulie. Najua kwa sasa unachoweza ni kunyonya kidole na kunikodolea macho kama mwalimu wa zamu getini. Lakini mdogo wa mama ni mama, kwa hiyo mie ni mama yako mdogo, wewe ni mwanangu, na mwenye mwana ni mzee. Haijalishi kwamba niko kidato cha tatu na jina langu halikosi kwenye orodha ya wapiga kelele. Ukinikuta nimekaa nashika kiuno, usicheke. Ni netiboli, lakini maumivu ni maumivu.

Mama yako, sista Upendo, alikuwa chuo cha ualimu. Alirudi likizo akiwa na wewe, na wewe hukuwa kwenye begi. Habari za baba yako tutazungumza ukikua. Kwa sasa jua tu kwamba simu yake haipatikani, na hayo masikio ni yake.

Babu yako unamjua anavyokurusha juu na kukudaka. Siku zile hakuwa hivyo. Yeye ni karani kwenye ofisi ya mizigo, lakini kazi yake hasa, anayoipigia pasi shati, ilikuwa uzee wa kanisa. Toka tuhamie kutoka Njombe, yeye ndiye aliyekuwaga anasimama mbele kusoma matangazo: fulani anafunga ndoa na fulani, kama kuna mwenye pingamizi aseme. Sasa tangazo likawa limeingia nyumbani kwake na halina ndoa. Akafunga geti. Upendo akakatazwa kutoka, hata nguo zake zikaanikwa chumbani. Kliniki asiende, maana njiani kuna watu. Bibi yako presha ikapanda, akawa analala mchana na kitambaa kichwani. Na mie nikaambiwa, nikinyooshewa kidole: "Recho, wewe na huo mdomo wako, mtu yeyote asisikie kwako habari ya mimba."

Kisha akaja Shangazi kutoka Kimara, mtu mwenye jibu la kila kitu. Alikaa kwenye kochi, akanywa chai yote, akasema, "Kuna mtu wangu kule Mabibo, nyuma ya duka la dawa. Jumamosi nakuja namchukua Upendo. Jumapili mtu anakwenda ibadani kama kawaida, nani atajua?"

Upendo akasema, "Mie sitaki."

Hilo tu, bila kupaza sauti. Babu yako hakumtazama. "Jumamosi unakwenda na shangazi yako, au unatoka humu ndani na nguo zako. Chagua."

Jioni yake nilimkuta mama yako anakunja nguo kwenye mfuko wa rambo. Mfuko haukujaa. Nikamuuliza anakwenda wapi, akasema hajui. "Anacheza, Recho," akaniambia, akaushika mkono wangu na kuuweka tumboni, pale ulipokuwa wewe. "Anacheza huyu. Siendi Mabibo. Afadhali nilale stendi."

Ukanipiga teke, mwanangu. Tulianza kujuana kwa ugomvi.

Sasa nikueleze Mama Anitha ni nani, maana bila yeye hadithi hii ingeishia stendi. Anakaanga samaki pale kituoni Rangi Tatu, na pamoja na wenzake, Wakristo na Waislamu mchanganyiko, wanasaidia wajawazito waliokwama na familia zao. Wanasema wanatetea uhai. Aliwahi kuja kanisani kuongea na vijana, akasema kila mtoto aliye tumboni ana haki ya kuzaliwa. Mie nikanyoosha mkono kutoka benchi la nyuma. "Mama, na huyo mtoto utamlea wewe?" Vijana wakacheka hadi wakagonga benchi. Na lilikuwa swali zuri, sikufichi. Wako watu wanaotetea uhai kwa maikrofoni tu, na maikrofoni ikizimwa na uhai umeishia hapo. Mama Anitha alisubiri kicheko kiishe, akanitazama mie peke yangu. "Ndiyo," akasema. "Niletee." Basi. Akaendelea na mada yake, na mie nikakaa chini na utani wangu mkononi.

Ndiyo maana siku niliyomfuata pale kwenye kikaango, hata shikamoo yangu ilitoka imekatika katika.

"Marahaba. Si wewe yule wa benchi la nyuma?"

"Ndiye mie."

"Umeniletea?"

Nikalia. Mtu mzima mie, mbele ya vibua. Nikamweleza yote. Aliendelea kugeuza samaki, akauliza kitu kimoja: "Mwenyewe Upendo anamtaka mtoto?"

"Anamtaka."

"Basi. Wakimtoa, kwa mwenzetu Bi Saumu kuna chumba, hatalala stendi. Lakini sie hatuanzi kwa kumficha mtu. Tunaanza kwa kwenda kukaa kwao."

"Kukaa?"

"Kukaa. Tunapika, tunafua, tunamuuguza mama yako. Baba wa watu anaweza kukukatalia ukiwa mlangoni. Ukishamfulia mapazia yake, anaona aibu kukwambia toka."

Basi Jumamosi ikafika. Babu yako alitoka kwenda kumpokea Shangazi kituoni, na alipokata kona tu, wakaingia. Picha ndiyo hii, mwanangu, ishike vizuri. Wanawake wa makamo, kitenge sare, kanga kiunoni, mikeka kwapani. Bi Saumu mbele, kajitwika sufuria ya kupikia shughuli. Nyuma mabeseni. Hakuna anayecheka, maana sufuria nzito. Wewe ungekuwa jirani, ungefikiria nini?

Bibi yako alifungua geti na kitambaa chake kichwani. Mama Anitha hakujieleza. Aliutupa mkeka chini, akamkumbatia, akasema, "Pole, mwenzangu. Pole sana."

Na bibi yako, ambaye hakuwa amelia toka aibu iingie nyumba hii, akalia. Unamjua bibi yako akikuita ukiwa nyumba ya tatu. Sasa weka kilio kwenye sauti hiyo.

Kichwa cha Mama Chausiku, jirani yetu, kikachomoza juu ya ukuta. "Wee Recho! Nani?"

"Ingia tu, mama. Utaambiwa ndani."

"Mungu wangu! Ni bibi yenu aliyebaki Njombe?"

"Mie mtoto, mama. Siwezi kusema."

Yapime maneno yangu moja moja, hutakuta uongo. Nilikatazwa kusema, na mie ni mtoto mtiifu. Mama Chausiku akashuka ukutani, na baada ya hapo sikuhitaji kufanya lolote. Mtaa wetu hauna mchezo kwenye msiba. Kina mama wakaja na unga na sukari, wakaingia ndani kukaa kwenye mikeka. Vijana wa bodaboda wakaleta turubai la kikundi cha kuzikana, wakapanda juu ya ukuta kulifunga. Viti vya plastiki vikashuka. Mzee Nandonde, mchonga vinyago na mjumbe wetu, akakaa kiti cha mbele na baraghashia yake, akaanza kuulizia kaburi litachimbwa wapi.

Ndani, kila anayeingia anamkumbatia bibi yako na kulia, naye akijaribu kueleza analizwa upya. Bi Saumu, mikono kwenye mapovu, akaninong'oneza, "Mtaa wenu una watu wa maana! Wote hawa kwa ajili ya binti mjamzito?" Mama Anitha ndiye aliyeelewa. Alichungulia turubai, akanitazama kwa lile jicho la kanisani.

"Recho. Hawa nani kawaita?"

"Wamejileta."

Akafikiri kidogo. "Wape uji," akasema.

Hapo bajaji ikafika.

Nilikuwa nimejiandaa kucheka, mwanangu. Babu yako aliona turubai limefungwa juu ya nyumba yake, akaruka kabla bajaji haijasimama. Ndala moja ikabaki njiani. Hakuuliza habari ya mkewe mwenye presha. Hakuuliza habari yangu, na mie pia naweza kufa kama wengine. Alipiga kelele jina moja.

"Upendo! Upendo mwanangu! Amekunywa nini? Mimi ndiye niliyemwambia achague! Mimi!"

Wanaume wakamdaka wanavyomdaka mfiwa, huku na huku. Akawaponyoka, akakaa mchangani na shati lake jeupe. "Nilimwambia achague," akawa anasema. Sikucheka. Sijawahi kumwona mtu anaomba hivyo, na hata kanisani hakuwahi kuomba hivyo.

Upendo alisikia kutoka uani nyuma. Akaja mbele na upawa wa uji mkononi, kanga kiunoni, tumbo mbele yake mchana kweupe. Watu wakampisha.

"Baba. Niko hapa."

Kisha kijana mmoja wa bodaboda juu ya ukuta akauliza, "Sasa nani kafa?"

Babu yako alimshika mama yako usoni kama kipofu anayetafuta mtu wake. Shangazi akawafikia, mkoba kwapani, pumzi juu. "Afadhali, jamani! Kumbe mzima. Haya inuka, Baba Upendo, bajaji inasubiri na yule mtu wangu hakai mpaka jioni."

"Dada," babu yako akasema, bado yuko chini. "Umeliona hilo turubai?"

"Nimeliona."

"Hilo ndilo ulilokuja kunifungia. Na mimi ndiye niliyekushikia kamba."

Akainuka. Akajikung'uta mchanga. Akavuta shati, akakohoa kile kikohozi cha matangazo, na mguu mmoja hauna ndala.

"Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Hapa hakuna aliyekufa. Binti yangu Upendo ana mimba. Hajaolewa. Atazalia humu, na mtoto atakaa humu. Mwenye pingamizi aseme sasa hivi, viti vipo."

Mzee Nandonde akanyoosha mkono.

"Mimi nina swali."

"Uliza, mzee."

"Turubai tulishushe?"

Babu yako akalitazama. "Liacheni. Watu wameshakaa, wale kwanza."

Kicheko kilichotoka hapo kilimtoa hata bibi yako ndani. Mama Chausiku alijaribu kuulizia sukari yake, maana aliileta kwa msiba, na msiba haupo. Bi Saumu akamjibu, "Shoga, imeshaingia kwenye uji. Lete bakuli uifuate." Shangazi alirudi Kimara na bajaji ileile. Nilimpungia mkono. Alikuwa shangazi yangu, sikutaka aondoke bila kuagwa.

Usidhani mambo yalinyooka siku hiyohiyo. Jumatatu mama yako alikwenda kliniki kwa miguu, barabara kubwa, Mama Anitha kushoto, Bi Saumu kulia, na babu yako nyuma kabeba mkoba wa kike bila kuona haya. Watu walisema. Wengine bado wanasema, wamesahau kunyamaza. Kanisani walimwomba babu yako apumzike uzee. Akarudisha faili la matangazo, akaenda kukaa benchi la mbele kabisa na binti yake na tumbo lake, na wimbo aliimba kwa sauti kuliko kwaya. Wale akina mama hawakuacha kuja. Walileta kitanda, walileta ndizi, walimpimisha bibi yako presha mpaka ikachoka yenyewe kupanda. Siku ulipozaliwa, vijana wa bodaboda walipiga honi mtaa mzima. Wanakuita Marehemu. "Marehemu kaamka? Marehemu kaota jino?" Bibi yako anawarushia kandambili. Wewe ukikua, itika tu. Marehemu gani mwingine anakunya hivyo?

Basi sikia nasaha za mzee wako. Nyumba ikianza kuogopa watu, ifungue geti. Waingie wote, waone, waseme wanachosema, wanywe uji, waende. Mtu akikwambia jambo fulani ni aibu na lazima mtu aondolewe ili aibu iishe, muulize nani kafa. Kama hakuna, mwambie akae chini ale. Anayekutetea kwa mdomo msikilize, lakini mwangalie mikononi kama kabeba sufuria. Na ukiwa na swali la benchi la nyuma, uliza, hata wakikucheka. Ila siku ukijibiwa, uwe tayari kupeleka kile ulichoahidiwa kwamba kitapokelewa. Na usikubali kuomba radhi kwa kuzaliwa. Mie siombi radhi kwa turubai lile, wala sitaomba. Babu yako alinichapa maneno wiki nzima, kisha nikamkuta anacheka peke yake bafuni.

Haya, geti linagongwa. Mama yako amerudi chuo, na asubuhi kama hizi zamu ya kukulea ni ya Mama Anitha. Namsikia anauliza kama kila siku, "Umeniletea?" Nakwenda kumjibu nimekuletea.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe mapafu ya bibi yako, ubishi wa mama yako, na masikio hayohayo, hatuna la kufanya. Ukue, uzeeke, uote mvi, uishi mpaka lile turubai lichanike lote kwa kukusubiri.