Vyoo Vilivyoelekea Kibla

Nilikuwa mwalimu wa kujitolea kwenye shule ya msingi, ndani kidogo ya Pande, na neno hilo kujitolea watu wa kule walilitia huruma. Mama mmoja kila akiniletea mihogo alisema, "Pokea mwanangu, maana wewe hata serikali haikujui." Alisema kweli. Cheti cha ualimu ninacho, ajira sina, na nilikubali kufundisha darasa la sita kwa sababu ningebaki nyumbani Lindi ningegombana na kila mtu.

Shule haikuwa na choo cha wanafunzi. Kilichokuwapo kilititia wakati wa masika, shimo likameza ukuta mmoja, na tangu hapo wavulana walikwenda vichakani na wasichana wakawa wanakwenda kwao. Wadogo walirudi. Wakubwa, hasa wakiwa kwenye siku zao, hawakuonekana mpaka siku zipite. Mmoja wao kwao kulikuwa mbali, upande wa mashamba ya ufuta, alikoishi na bibi yake. Huyo alikuwa na akili ya hesabu inayokera. Hujamaliza kuandika swali ubaoni, yeye ameshaweka kalamu chini anakutazama. Lakini mahudhurio yake yalikuwa yametoboka toboka, na mwalimu mkuu alishatamka kwamba mtoro hapandi darasa la saba kuja kuharibu matokeo ya shule. Nilipomwuliza binti mwenyewe aliangalia chini akasema, "Mwalimu, kikiwepo choo siondoki." Basi, shida yake nzima ilikuwa hiyo, nami nikawa naota choo kama wenzangu wanavyoota harusi.

Ndiyo maana walipokuja vijana wa kujitolea kutoka Dar, na saruji, mabati, rangi na fundi wao, nilikuwa wa kwanza kupiga vigelegele. Sitaki kuwasema vibaya. Walilala madarasani, wakala ugali na dagaa bila kununa, wakafanya kazi hasa. Kiongozi wao, kijana mrefu mcheshi, hata aliwakalisha wasichana chini akawauliza wanataka choo cha namna gani. Wakasukumana, wakacheka, mwisho mmoja akajitutumua: milango isitazame uwanja wa mpira, wavulana wanatuona tukiingia. Kiongozi akasema sawa. Nikasema moyoni, hawa wamelelewa.

Katikati ya kazi nikapata msiba Lindi. Niliporudi, vyoo vilikuwa vimesimama, vimepigwa plasta, safi. Nikaingia cha kwanza, nikatazama sinki la kuchuchumaa lilivyokaa kwenye zege, nikatoka. Nikaingia cha pili, kisha vyote. Milango ilikuwa imegeuzwa isitazame uwanja, masinki nayo yakafuata milango, na atakayechuchumaa pale ataelekea kaskazini barabara.

Kwetu pwani kaskazini ndiko kibla. Mtoto wa kule kabla hajajua kusoma anajua kwamba hujisaidii ukielekea kibla wala ukiipa mgongo. Akikosea anavutwa sikio na mtu mzima yeyote aliye karibu. Mimi mwenyewe bibi yangu alinishika bega akanigeuza, nyuma ya nyumba, nikiwa bado nimechuchumaa. Lakini mwalimu mkuu alikuwa Mkristo kutoka bara, na fundi mgeni. Wazee waliosomba mchanga na maji walikuwa wameona mashimo tu, na mashimo hayana upande. Hata binti mmoja wa wale vijana, mwenye hijabu, alishika mdomo nilipomwonyesha. Yeye siku zote alikuwa madarasani akipaka rangi.

Nikamfuata kiongozi. "Kaka, masinki yameelekea kibla."

"Kivipi?"

Nikamweleza. Alisikiliza vizuri, akakuna kichwa. "Sasa mwalimu, si wakae upande tu? Mbona fresh."

"Kaa wewe kwanza, tuone."

Alicheka, akidhani ni utani. Zege lilikuwa limekauka na gari lao linaondoka asubuhi. Wakapiga picha na watoto mbele ya milango, wakaagana kwa machozi ya kweli, wakaenda zao.

Nilikwenda kwa maalim wa madrasa, naye akanipa matumaini: ndani ya kuta zilizojengwa kwa kazi hiyo, alisema, ruhusa ipo. Akaja kuwaeleza wazazi mwenyewe. Bibi wa yule binti akasimama, akajifunga kanga vizuri. "Maalim, hayo ya kitabuni ni yako na wanazuoni wenzako. Mjukuu wangu mimi nimemlea hivi." Akina mama wakaitikia, na maalim akatafuta viatu vyake.

Mwalimu mkuu akaja na dawa yake: atakayekutwa kichakani au njiani kwenda kwao, fimbo. Wafadhili wakisikia watoto wamesusa, alisema, hawarudi tena. Nikamwomba tuyageuze masinki. "Mwalimu, mali ya wafadhili haivunjwi," akanijibu, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeogopa. Nilimchukia siku ile, na sijui kama nimeshaacha.

Binti alijaribu. Nilimwona akiingia na kopo lake la maji, akakaa humo muda mrefu. Alikaa upande kama tulivyoshauriwa, mguu mmoja ukateleza, akatoka sketi imelowa na kuchafuka ubavu mzima. Wasichana waliokuwa nje walicheka kabla hawajajizuia. Alinipita bila kunitazama, akachukua mkoba wake darasani, akaondoka. Hakurudi tena.

Nilimfuata kwao. Bibi alinikaribisha kitako, akanipa maji. "Hakuikataa shule, mwalimu. Yupo kwa shangazi yake, Somanga." Njia nzima ya kurudi nililia, na ilikuwa hasira tupu.

Mwaka uliofuata mwalimu mkuu akaitwa kwenye semina wilayani, Masoko. Sijui nani alimwambia nani, lakini asubuhi ile akina mama walifika na mitalimbo, nyundo na fundi wa kijijini. Wakavunja, wakageuza masinki yakaelekea mashariki, wakasiliba. Alasiri ilipoadhiniwa walikuwa wananawa mikono. Mwalimu mkuu aliporudi alivizunguka vyoo, akakohoa, akasema, "Naona mmefanya usafi." Tangu hapo hakuna msichana aliyekwenda kwao katikati ya masomo.

Wenzake yule binti walikuwa wamemaliza darasa la saba siku nilipopita Somanga kwa basi la Lindi. Akina mama na mabinti walikimbilia madirishani na masinia ya samaki wa kukaanga, na sinia lililofika kwangu lilishikwa na yeye. Alikuwa amerefuka.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu." Nilifurahi mno, nikakosa la maana la kusema, nikampa habari niliyodhani ni njema. "Vile vyoo tulivigeuza. Kazi ya siku moja tu."

Tabasamu alilokuja nalo likafifia. Aliniangalia kama alivyokuwa akiniangalia zamani, akisubiri wengine tumalize hesabu.

"Kumbe vilikuwa vinageuzika?"

Dereva alipiga honi, naye akahamia dirisha la nyuma.